Risasi za Ami Nassor

Ibra, Idi pili

Shikamoo Bibi yangu,

Tabora mna mvua, huku Ibra jua linakausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Jana, kabla ya kufukua shuwa, ile nyama inayoivia shimoni, wanaume walishindana kulenga jiwe jeupe lililowekwa mbele ya ubao kilimani. Anayeliangusha ndiye anayekatiwa paja la kwanza.

Mwanao, Ami Nassor, bado anajitengenezea risasi mwenyewe kama alipokuwa akiwinda swala na pofu huko Tabora. Baruti anaipima kwa mizani ya sonara, na hataki mtu apige chafya karibu. Mwanawe Salim alikuja na risasi za kiwandani, bado zimo ndani ya boksi.

Za Salim zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, lakini moja ikaliangusha jiwe. Za Ami zote zilitoboa ubao mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kiganja, ila ni shubiri nzima kushoto ya jiwe.

"Wallahi, risasi zangu hazikukosa!" Ami akafoka. "Jiwe ndilo limewekwa pabaya!"

Tulicheka mpaka machozi. Nikakumbuka ulivyotuhadithia kwamba utotoni, akikosa embe kwa manati, alisema embe limesogea.

Leo asubuhi nimemwona yuko peke yake kilimani, bunduki begani, analisogeza jiwe shubiri moja kushoto.

Naibusu mikono yako, Bibi. Usiwe na wasiwasi na mwanao. Kilichozeeka ni ndevu tu.

Mjukuu wako,
Zuwena