Ngozi Iliyobabuka Bila Moto

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: dada wa mgonjwa, miaka 43, fundi cherehani. Makazi: nyuma ya soko la mbao.

Mgonjwa ni mdogo wangu, tumbo moja. Mnayemshikilia ni mumewe, shemeji yangu. Simtetei kwa mapenzi. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu mdogo wangu alirudi kutoka kiwanda cha mikate na homa, macho mekundu, koo linamuuma. Akasema ni mafua tu. Kesho yake midomo ikaota vidonda, hata maji hayapiti. Mabaka yakatoka kifuani, akawa hataki kuguswa hata na shuka. Mama akasema ni surua, akamkataza kuoga.

Tarehe 6 asubuhi nilimvua blauzi. Ngozi ya mgongo ikatoka na kitambaa. Nilipiga yowe, sifichi. Mwenzake wa kwenye tanuri alikuwa amekuja kumjulia hali. Akasema, "Huyu kamwagiwa maji ya moto! Mimi naungua kila siku, moto naujua." Majirani wakamkamata shemeji akiwa barabarani anatafuta teksi ya kumpeleka mkewe hospitali.

Nasikia hapa kituoni hajafungua mdomo. Najua sababu. Mdogo wangu ana kifafa, na mwezi uliopita alianzishiwa vidonge vipya. Tajiri wake akijua, hatamruhusu tena kusogelea tanuri, kwa hiyo alituapisha sisi wawili tusiseme. Shemeji amekishika kiapo mpaka mahabusu. Mimi nimekivunja leo, na roho inaniuma.

Mdogo wangu alipolazwa, vidonge nilivipeleka wodini mwenyewe. Daktari akaviangalia, akaniuliza habari za homa, macho na midomo. Akasema, "Mama, hakuna aliyemuunguza. Mwili umeikataa hii dawa. Mngemleta siku ile ile midomo ilipoota vidonda." Nikamwambia alikuwa bado anavimeza, hata jana yake. Daktari akaliandika hilo kwenye faili.

Sasa kope zimegandana, haoni. Kila mlango ukifunguliwa anauliza, "Ni yeye?" Namjibu yuko njiani. Daktari hajaniahidi hata kesho. Afande, msinifanye mwongo.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nimemruhusu aende. Amekataa kuondoka kaunta bila shemeji yake.
Koplo wa zamu