Ukurasa wa Tatu wa Maisha ya Mtakatifu

Jumatatu, 1 Aprili 2013
Nimefukuzwa! Miaka mitatu nafundisha watoto wetu kusoma, kila Jumamosi, ukumbi wa kanisa hapa Greyville, Durban, bila kudai hata asante. Leo Mama Antoinette, prezidente wa jumuiya, ananiambia mbele ya watu: msusi wa soko la Warwick hawezi kuwa mwalimu. Darasa kampa binamu yake, Bertrand. Bertrand! Huyu mama atanitambua.

Jumatano, 3 Aprili
Hana haya! Amenifuata saluni, niko na kichwa cha mteja mkononi. Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, msimamizi wa walimu. Baada ya misa yeye atasoma maisha ya huyo mtakatifu mbele ya mapadri wageni. Sasa kuandika hajui. Eti dada yangu, wewe una mkono mzuri. Dada! Nikamjibu sharp, sawa, nitaandika.

Alhamisi, 4 Aprili
Nimeandika. Padri tajiri, Ufaransa. Anawakaribisha walimu maskini mezani kwake, ndugu zake wanakasirika. Njaa inaingia, anagawa mali yake yote. Nililia kidogo, kweli. Halafu nikamkumbuka Bertrand. Ukurasa wa tatu nikamwongezea mtakatifu mke na watoto sita. Padri! Mama Antoinette hasomi kitu kabla, anakutana nacho palepale kwenye mikrofoni. Na asome! Kanisa zima limcheke mpaka ahame Durban.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimempa. Hata bahasha hakufungua. Malipo ni hapa hapa duniani.

Jumapili, 7 Aprili
Niko nje ya kanisa, kwenye ngazi. Mama Antoinette kapita na kofia mpya — eti sauti imemkauka, atasoma Laurette. Laurette, mwanafunzi wangu! Ana miaka kumi tu. Alikuja darasani kwangu hajui hata a. Na atakayecheka wa kwanza ni huyo mama.

Nimemkimbilia mtoto: lete karatasi haraka, iko kosa. Anacheka. Kaziacha nyumbani, tangu Ijumaa ameshika yote kwa kichwa. Ukurasa wa tatu je? Akafumba macho, akanitajia mke, watoto sita, mpaka majina niliyowabunia. Eish! Nikamwambia hapo uruke, si kweli.

Akaniangalia kama nimemtukana.

— Ni mwandiko wako, Mwalimu. Wewe hukosei.

Ameingia. Wimbo wa kwanza wa misa umeanza, mimi bado niko kwenye ngazi.