Nilirudisha Gari Kama Lilivyotoka Kiwandani, Mke Wangu Akairudisha Nyumba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke mpaka umalize kusoma, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka, akiwemo shemeji yangu, dada wa mke wangu, ambaye kwa kawaida hacheki hata akitekenywa.

Mimi ni mpima macho, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, sinywi, sivuti, sina mwanamke wa nje, na haya nayasema mapema kwa sababu najua mtu akisikia mke ameondoka nyumbani jambo la kwanza analofikiri ni hilo. Kosa langu, kama ni kosa, ni gari. Nina gari la kasi la milango miwili, paa lake ni turubai la kukunja, injini silinda sita, lilitoka kiwandani tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, hili nimelithibitisha kwa namba iliyogongwa kwenye chesisi, na nililinunua likiwa limeshachoka, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, mwaka ule ule niliooa, yaani sasa ni kama miaka ishirini na sita hivi, au saba.

Miaka minne iliyopita niliamua kulirudisha lilivyokuwa siku ile ya Jumanne. Si kulitengeneza, mshauri, kutengeneza kila mtu anaweza. Nasema kulirudisha. Tuna chama chetu cha wenye magari ya zamani, kila mwaka tunafanya maonyesho, na kuna mkaguzi tunayemwita Tochi kwa sababu anaingia chini ya gari na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, na kila atakachokikuta si cha kiwandani anakata alama, nati isiyo yake alama moja, waya wa rangi isiyo yake alama mbili. Kwa hiyo nilitafuta kabureta zake zenyewe, nikapata usukani wake wa mbao, nikapiga msasa bodi mpaka bati tupu, nikarudishia rangi yake, nyekundu namba mia tatu arobaini na mbili, na kwa kuwa siku zile kule kiwandani mpiga rangi mmoja alikuwa na haraka zake, magari yote ya mwaka ule yana mchirizi wa rangi ndani ya mlango wa kushoto, basi nami nilikaa Jumapili tatu najifunza kuchuruzisha rangi mpaka mchirizi wangu ukafanana na wake. Wanachama walikuja kuutazama. Mmoja alitokwa na machozi.

Sasa turubai. Paa lililokuwapo lilikuwa na kiraka. Lilichanika zamani, siku ninampeleka mke wangu hospitali kujifungua, mvua inanyesha, upepo ukalipasua katikati, mwenzangu akafika wodini amelowa chapachapa na uchungu juu, halafu baadaye, mtoto akiwa na wiki tano, kwa kuwa yeye ni fundi cherehani, akalishusha lile turubai akalishona mwenyewe, akakata koti lake la mvua la bluu akatia kiraka, sindano saba zikavunjika, akamalizia kwa mkono na sindano ya kushonea viatu. Sikatai, mshono ule haukuvuja hata tone miaka yote hiyo. Lakini mshauri, kiraka cha bluu kwenye turubai jeusi! Tochi angekata alama kumi na mbili hapo hapo.

Niliagiza turubai jipya kwa fundi wa ng'ambo anayeyashona kwa vipimo vya kiwanda, nikalisubiri miezi kumi na moja, likafika, la zamani nikaliacha pale gereji ninakolifanyia gari kazi, sikuwaza chochote. Mke wangu akaja kuniletea chakula, akalikuta limetandikwa pembeni karibu na mitungi ya gesi, mbwa wa gereji amelilalia. Akauliza, "Hili si paa letu?" Nikamwambia, "Ndilo, lakini si la kiwandani." Akasema, "Ahaa." Akaweka chakula juu ya pipa akaondoka, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba ameelewa.

Wiki iliyofuata nimetoka kazini, nafungua mlango, sebule tupu. Makochi hakuna, pazia hakuna, televisheni hakuna, friji hakuna, vyote amevisukumia stoo akapiga kufuli. Chumbani godoro moja, tena chini. Jikoni jiko la mafuta, sufuria moja isiyo na mfuniko, sahani mbili, kikombe kimoja. Ukutani hata picha ya binti yetu ya kumaliza chuo imeshushwa, misumari imeng'olewa, matundu yamezibwa. Juu ya godoro kuna karatasi: "Nimeirudisha nyumba kama ilivyokuwa siku uliponileta. Vingine vyote viliongezwa baadaye, na vingi niliviongeza mimi. Nami narudi nilivyokuwa. Nilivyokuwa, sikuwa na mume."

Mshauri, kile kikombe ni kile kile, kimevunjika mkono, chetu cha kwanza, sijui alikuwa amekificha wapi miaka yote. Nakiri kama ningekuwa mkaguzi nisingemkata hata alama moja.

Sasa yuko kwa dada yake na simu yangu hapokei. Nilimtuma binti yetu akaniombee, akaniangalia akasema, "Baba, hata mimi sikutoka kiwandani na gari. Nami nikalaliwe na mbwa?" Mtoto niliyemsomesha! Na juu ya yote, turubai jipya linavuja, nikalipeleka kwa fundi wa gereji akacheka, akasema, "Mzee, haya yalikuwa yanavuja toka yakiwa mapya, ndiyo sifa yake. Sasa umepata orijino kamili." Kusema kweli hilo lilinifariji kidogo.

Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Safari hii huenda nikapata alama zote mia, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye chama chetu. Naomba uniambie nimweleweshe vipi mke wangu kwamba sikuwa na nia mbaya, na ikiwezekana arudi kabla ya Jumamosi hiyo, kwa sababu picha ya mshindi hupigwa pamoja na familia.

Ni mimi,
Mpenda Asili

*

Bwana Mpenda Asili,

Nimecheka. Umeniomba nisubiri mpaka mwisho, nami nimecheka mwanzoni, nikacheka katikati, na nilipofika kwenye kikombe kilichovunjika mkono ilibidi niweke barua chini nikanywe maji. Kisha nikaisoma tena. Mara ya pili sikucheka sana.

Pole kwanza. Kulala chini ukiwa na miaka hamsini na mitatu si mchezo, na mgongo hauna spea za kuagiza ng'ambo. Pole pia kwa upweke, maana naona unakuuma ingawa umeuficha nyuma ya kabureta. Najua watu wa aina yako. Marehemu mume wangu alikuwa na saa za ukutani kumi na tisa, zote akizitia ufunguo mwenyewe, zote zikigonga pamoja, na hakuna siku hata moja aliyorudi nyumbani kwa wakati. Nilimpenda hivyo hivyo. Kwa hiyo sikuchukii. Ila nitakusema.

Gari lako lilitoka kiwandani tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, Jumanne. Ndoa yako ina "kama miaka ishirini na sita hivi, au saba". Umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, mistari imefuatana, na hukuona kitu. Halafu ndiwe unayewaambia watu wafumbe jicho moja wasome herufi ukutani. Wateja wako nawaombea.

Twende kwenye ule mchirizi, maana ndio ulioniudhi. Kuna mpiga rangi mmoja, humjui, hakujui, siku zile alikuwa na haraka, kazi akailipua. Wewe kosa lake umelifanyia mazoezi Jumapili tatu, mpaka watu wazima wakalia. Na kuna mwanamke mwenye mtoto wa wiki tano, mwili wenyewe haujarudi sawa, kakaa kwenye cherehani ya kushonea nguo anashona turubai la gari, sindano zinavunjika moja baada ya nyingine, anaendelea kwa mkono, na kazi aliyoitoa haikuvuja robo karne. Hiyo ndiyo uliyoiona uchafu. Kosa la mtu baki umeliheshimu, kazi ya mkeo umempa mbwa.

Na lile koti, bwana? Sindano umezihesabu, saba. Rangi ya koti umeikumbuka. Hukuniambia mvua iliyofuata mwenzako alivaa nini. Koti lake lilikuwa juu ya kichwa chako, wewe mkavu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomnunulia jingine, na sikupaona.

Unauliza umweleweshe vipi. Nyani haoni kundule! Mkeo alielewa tangu siku ile pale kwenye pipa, aliposema "Ahaa". Mwanamke akisema "Ahaa" ya namna hiyo hana swali tena, amekwishajibiwa. Asiyeelewa ni wewe, ambaye umeandikiwa karatasi, ukahamishiwa makochi, ukazibiwa na matundu ya misumari, ukaishia kumpa alama za ufundi. Binti yako naye amekueleza kwa sentensi mbili, ukalalamika kuhusu shule uliyomlipia.

Na usijidanganye kwamba amefanya hivyo kwa hasira tu. Mtu mwenye hasira hupasua sahani. Huyu amezipanga, mbili, akaweka na kile kikombe alichokitunza miaka yote bila kukuambia. Aliyehifadhi kitu cha kwanza cha nyumba yenu ni yeye, wala hakuhitaji mkaguzi wa kumtazama. Mtu wa hivyo hajakuchoka bado. Ila yuko karibu.

Sasa nisikilize, na usiniletee habari za alama. Kesho asubuhi nenda gereji ukalichukue lile turubai. Usimpe fundi, usimpe dobi. Lifue mwenyewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, na pale penye mshono pitisha kiganja, usisugue kwa brashi. Ukipitisha kiganja taratibu utaona mahali cherehani iliposhindwa na mkono ukaanza. Kaa hapo kidogo. Likikauka, lifunge kwenye gari mwenyewe, na lile jipya lenye sifa kamili ya kuvuja mpelekee mbwa, asikose pa kulala kwa ajili yako.

Kisha kanunue koti la mvua. La bluu. Kama hujui saizi yake, na nina hakika hujui, muulize binti yako, na lolote atakalokujibu kabla ya kukutajia saizi, limeze kimya. Tarehe ya ndoa pia muulize yeye, uiandike mahali unapoandikia namba za rangi.

Ukishapata koti, nenda kwa shemeji yako. Usitume mtu. Usiende na rafiki wa chama, wala usiende na maua, hatakuelewa. Nenda na gari, paa likiwa limefungwa, kiraka kikionekana barabara nzima, na watu wakikucheka wacha wacheke. Ukimwona mkeo usianze na "sikuwa na nia mbaya", maana hakuna aliyekusingizia nia, ulikuwa huna hata hiyo. Mwambie, "Nilitupa kazi yako, na koti lako sikukurudishia." Halafu nyamaza. Najua utataka kueleza. Usieleze.

Asipotoka, rudi nyumbani ukapike kwenye sufuria yako isiyo na mfuniko, ulale kwenye godoro lako, na kesho yake uende tena. Kufuli ya stoo usiiguse. Vile vitu aliviongeza yeye, na ni yeye atakayesema virudi lini.

Kuhusu maonyesho, nenda ukipenda, lakini na kiraka chako juu. Tochi akate alama zake kumi na mbili, ndiyo kazi yake. Picha ya mshindi utaikosa. Ya familia, ukifanya nilivyokuambia, huenda ukaipata.

Na ukienda gereji hiyo kesho, mpitishie yule mbwa mfupa, tena wenye nyama. Katika wote waliolishika lile turubai tangu ulipolitoa kwenye gari, ni yeye peke yake aliyeliona linafaa.

Mshauri wako