Mahindi Yasiyo na Dumuzi

Jumatatu, 14 Julai
Kidato cha Nne, vipindi viwili. Silaha za maangamizi: nyuklia, kemikali, kibaiolojia, na zile za kutawanya mionzi. Wakanakili huku wakipiga miayo. Waliamka kidogo nilipofika kwenye gesi za kushambulia mishipa ya fahamu. Mboni inakuwa ndogo kama tundu la sindano, mate yanatoka, misuli inachezacheza, pumzi inakata. Nikawaambia gesi hizo ni ndugu wa baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani. Wakacheka. Nikamalizia: kwetu hazipo. Andikeni hivyo.
Nimechoka kufundisha vita vya wenzetu.

Jumatano, 16 Julai
Mama katuma gunia la mahindi kutoka Katumba. Bodaboda kalibwaga nyuma ya mlango. Mama kapiga simu kujisifu: hakuna dumuzi hata mmoja! Mwaka jana walimmalizia nusu ya mavuno. Sijapata nafasi ya kwenda kusaga. Unga wa dukani bado upo.

Alhamisi, 17 Julai
Napiga mswaki, nikakumbuka. Mwezi wa sita, uani kwa Mama. Kaka Zabroni alibakiza dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku, chupa nzima. Mama akauliza kama itafaa kwa dumuzi. Nikajibu huku nachezea simu: ile kali, itawamaliza. Basi. Nikaendelea na simu yangu.
Nimempigia Mama mara sita. Hapatikani. Zabroni naye hapokei. Mjinga mimi. Mjinga mwenye shahada.

Ijumaa, 18 Julai
Zabroni kamleta Mama hospitali, Mpanda mjini, kwa bajaji. Jasho. Mate. Mboni kama tundu la sindano. Daktari akauliza kala nini. Nikajibu mimi. Wakamchoma sindano, wakarudia, wakarudia.
Mama akanitazama. "Mwalimu, nilifanya kama ulivyosema."
Tangu niajiriwe haniiti jina. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anatoa taarifa. Heri angenitukana.

Jumamosi, 19 Julai
Mama amefariki saa nne asubuhi.

Jumapili, 20 Julai
Tumemzika Katumba. Watu wengi mno. Kina mama wa jirani wakafungua ghala, wakaanza kutoa magunia yake. Msiba lazima ulishwe, na marehemu hakuwa mchoyo. Nikasimama mlangoni. Hayapikwi.
Shangazi akaguna. "Yaani mwalimu unatunyima chakula cha mama yako?"
Zabroni anatazama chini. Anajua, hasemi. Ningeweza kudanganya kwamba yameoza. Ulimi ulishaanza. Nikasema yote: dawa ya tumbaku, uani, mimi.
Nilitaka wanipige.
Kisha jirani mmoja akasema hata yeye kaweka hiyohiyo. Mwingine naye. Mama aliwapa habari njema kisimani: mwalimu kasema. Nyumba saba. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto anatapika tangu jana. Kapelekwa zahanati mbio.
"Tukiyaosha je?" wakauliza. "Nyie mna mshahara. Sisi tutakula nini hadi masika?"
Safari hii sikubuni jibu; nikampigia simu bwana shamba.

Jumanne, 22 Julai
Tumechimba shimo, mbali na kisima. Bwana shamba kasimamia. Nyumba tano zimeleta magunia, mbili zimekataa. Mtoto anaendelea vizuri. Mama yake kanisalimia kwa heshima, nikaumia zaidi.

Ijumaa, 1 Agosti
Mpanda. Nyuma ya mlango, lilipokuwa gunia, pako tupu. Nimepafagia mara mbili.
Nimesahihisha majaribio. Swali la tatu: taja makundi makuu ya silaha za maangamizi. Karibu wote wameyataja, kwa mpangilio uleule wa ubaoni. Chini yake wameongeza sentensi yangu: kwetu hazipo.
Kalamu nyekundu nimeishika muda mrefu. Chai imepoa. Kisha nikaweka alama ya vema, karatasi baada ya karatasi.
Wamepata wote. Wananiamini.