Macho ya Keji Yalikuwa Juu

Jumanne, jioni

Haki ya Mungu, naogopa. Leo daktari alipiga simu ya video kutoka ng'ambo. Wanataka kufungua kichwa cha binti yangu Keji, waweke waya kwenye ubongo, kompyuta isome maneno ambayo mdomo wake umeshindwa kutamka tangu apigwe na kiharusi.

"Mama, Keji mwenyewe anataka?" daktari akaniuliza.

Mtaa wetu mzima wa Buluk hakuna anayesoma macho yake kama mimi: juu ni ndiyo, chini ni hapana. Hata pasta huniuliza mimi. Nikajibu haraka, "Hataki, daktari."

Lakini macho yalikuwa juu. Yakabaki juu mpaka yakatoa machozi.

Na akinifia huko? Mtoto aliyeongoza kwaya nzima…

Kesho nitampigia daktari. Nitamfundisha juu na chini, nimwelekezee Keji simu, halafu mimi ninyamaze.