Uvimbe Unaopiga

Buzuruga, 9 Machi 1997

Kaka Masele,

Shikamoo. Huku mvua imeanza, na kiwanda cha minofu ya sangara kimenirudisha kazini.

Ule uvimbe wa tumboni mwa baba bado unapiga kama moyo. Akilala chali, shati linacheza. Daktari alisema ni mshipa mkubwa wa damu umetanuka, tusiubonyeze usije ukapasukia ndani. Alisema huko Ulaya uliko siku hizi wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani, wanauvalisha ule mkubwa bitana kwa ndani, bila kupasua tumbo. Nenda kaulize hospitali, Kaka. Usinijibu tena habari za theluji.

Shangazi Teodora amekuja kutoka Kisesa na samli yake ya kukandia. Nimemkatalia, baba akanifokea: "Dada yangu ananikanda tangu utotoni, huyo daktari wako ananijua?" Wamefunga mlango.

Mdogo wako,
Sabina

N.B. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Shangazi ametoka anapiga vigelegele: uvimbe haupigi tena! Baba ametulia. Kijasho chembamba kinamtoka, anaomba maji, na mkono wake una baridi kama minofu ya kiwandani.