Bima ya Safari ya Neema

Kashaulili, Jumanne jioni, 1996

Tunampeleka mwanangu Neema India akapasuliwe moyo, halafu wakala wa bima ananiambia nijaze kwenye fomu kwamba mtoto hana ugonjwa!

"Mama Neema, wewe andika tu mzima. Ugonjwa wa kuzaliwa nao hawalipii."

"Sasa wanalipia nini?"

"Akifariki, wanaleta maiti mpaka Dar."

Alisema hivyo huku Neema ananyonya, na yeye anachokonoa meno. Kwetu Usevya mtoto hashonewi hata kofia kabla hajazaliwa, sembuse kukatiwa jeneza angali anapumua.

Nikamwambia aniandikie bima ya mizigo tu. Naogopa, labda nimekosea. Lakini kusaini pale nisingeweza. Sanduku likipotea, walipe. Mwanangu hapotei.